Njia Atakayopita Mama

Jumamosi ile Kabula hakutaka kukimbia. Wiki nzima alikuwa amesimama nyuma ya meza ya duka la dawa za mifugo pale Bariadi mjini, akiuza dawa za kuogeshea ng'ombe na kusikiliza wanaume wakimweleza kinaganaga jinsi ndama wao wanavyoharisha. Ijumaa jioni alipofika nyumbani kwao Ngulyati, miguu ilikuwa imemvimba kama ya mjamzito. Lakini kabla hajalala simu yake iliita kidogo, akasoma ujumbe wa Hemed: Kesho Kaole, kabla jua halijachoma. Nina neno.

Sasa, Kaole haiko Ngulyati. Kaole iko Bagamoyo, kule kwenye magofu ya msikiti wa kale, na kutoka Simiyu mpaka huko ni safari ya kumvunja mtu kiuno. Ila hawa wawili walikuwa na mchezo wao. Njia za Ngulyati walikuwa wamezibatiza majina ya Bagamoyo. Barabara inayopita madukani waliiita Forodhani kwa sababu ya kelele zake. Ile ya kwenda kanisani, yenye miti pande zote mbili, waliiita Misheni. Na ile njia ndefu ya miguu inayotoka shuleni, ikapita katikati ya mtama na pamba mpaka mtoni, hiyo ndiyo ilikuwa Kaole yao. Hakuna mwingine aliyejua.

Walikutana huko huko Bagamoyo. Kabula alikuwa mwanafunzi wa chuo, na Hemed, mwenyeji wa mji, alikuwa amemaliza ualimu anasubiri ajira. Wakati akisubiri alifanya kazi ambayo Kabula hakuwahi kuisikia tangu azaliwe: aliwakimbiza wageni. Wageni walilala kwenye nyumba za karibu na ufukwe, asubuhi wanataka kukimbia na hawajui pa kupita. Hemed alijua. Aliwaanzishia Ngome Kongwe, akawashusha kwenye mtaa wa milango ya nakshi wakati wanawake wanafagia vibaraza, akawapitisha kwenye majengo ya forodha ya zamani. Kwenye soko la samaki aliwaambia watembee, kwa maana sakafu inateleza magamba. Maji yakiwa yametoka aliwapeleka kwenye mchanga mgumu wa pwani. Maji yakiwa yamejaa aliwapandisha juu, barabara ya Misheni. Na wale wenye pumzi aliwapeleka Kaole, kupitia minazini na kwenye mashamba ya chumvi.

Kabula alijiunga nyuma yao asubuhi moja bila kualikwa. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kukaa darasani, basi akavaa raba na kitenge juu ya suruali, akafuata. Hemed aligeuka mara moja kuhesabu watu wake, akamwona, akageuka tena. Baada ya hapo hakuongoza tena msafara, alirudi nyuma kabisa akawa anakimbia sawa na yule msichana wa Kisukuma mwenye kitenge. Mgeni mmoja wa Kizungu alipotea siku hiyo. Walimkuta sokoni ameshika pweza, anamwangalia kama anayetaka kumwomba msamaha. Wakacheka mpaka Kabula akakaa chini, na alipoinua macho alikuta macho ya Hemed yameshatulia juu yake muda mrefu.

Mambo ya mapenzi ndivyo yalivyo. Chuo kilipoisha Mzee Mayunga alimwita binti yake nyumbani, na binti akarudi. Ajira za walimu zilipotoka, Hemed aliomba Simiyu, mkoa ambao watu wa kwao walimwuliza mara mbili mbili kama amesikia vizuri. Akapata shule Ngulyati, akapanga chumba nyuma ya maduka, na asubuhi ya kwanza kabisa akavaa raba akatoka kukimbia.

Watu walitoka na fimbo. Mwanaume mzima anakimbia alfajiri, ng'ombe wa nani wameibwa? Mmoja alishapiga filimbi ya sungusungu. Hemed akasimama kati ya wanaume wale, anahema, akawasalimu Mwangaluka, salamu ya Kisukuma aliyofundishwa na Kabula, akaeleza kwamba hakuna kilichoibwa, anafanya mazoezi tu. Walimtazama kwa huruma. Habari ilipomfikia Mzee Mayunga, aliyekwisha kusikia kwamba mwalimu huyo amemfuata binti yake, alisema yeye hawezi kumpa binti mtu anayekimbia bila kufukuzwa.

Huo ulikuwa utani, lakini nyuma ya utani kulikuwa na neno zito. Hemed alikuwa amemtuma mwalimu mwenzake, Rogasian, kwenda kusema maneno ya posa. Rogasian alipokelewa vizuri, akapewa maziwa, akashibishwa ugali mpaka akasinzia, akaambiwa ataitwa. Hakuitwa. Msimu wa pamba ukapita, ukaja mwingine. Mzee aliwaambia ndugu zake kwamba kijana hana ubaya, ila ni wa dini nyingine na wa mbali, na binti akienda huko baharini atakuja kuonekana kwenye misiba tu. Baba mdogo Bujiku naye akaleta mtu wake, Joakim wa Nyalikungu, mwenye zizi na pikipiki, na Kabula akamkataa kwa adabu mpaka Joakim mwenyewe akachoka. Mama yake Kabula, Nyanjige, hakusema lolote. Alipika, alichota maji, alilima, akanyamaza. Kabula alihesabu ule ukimya kuwa upande wa baba.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi Kabula alifunga kamba za raba akiwa amechoka mwili, na moyo umechoka zaidi.

Hemed alikuwa anamsubiri kwenye bomba la shule. Alisimama amekunja mikono, na macho yake yalikuwa na wekundu wa mtu asiyelala. Hakumtania. Walianza kukimbia polepole, bega kwa bega pale njia inaporuhusu, mmoja nyuma ya mwingine inapokataa. Umande ulilowesha suruali mpaka magotini. Kabula alisikia pumzi yake na ya Hemed haziendi pamoja, na siku zote zilikuwa zikienda pamoja.

Walipofika katikati, pale mtama unapomzidi mtu kimo, Hemed akasimama.

"Uhamisho umetoka," alisema. "Narudi Bagamoyo. Naondoka Jumatatu."

Kabula alishika magoti yake akainama, kana kwamba anatafuta pumzi. Alikuwa anatafuta uso wa kumwonyesha.

"Uliomba lini?"

"Mwezi wa Ramadhani."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nasubiri nisikie neno moja kutoka kwenu. Hata dogo. Hata la kunitukana."

"Baba yangu ni mgumu, Hemed. Unajua. Nilikuambia tangu mwanzo."

"Baba yako simlaumu." Hemed alichuma jani la mtama akawa analichana. "Baba yako ananisubirisha amekaa kwenye kiti chake, nikipita ananiangalia machoni. Mwanaume akikusubirisha hivyo unaweza kurudi kesho. Mimi aliyenichosha ni mama yako."

Kabula akainua kichwa. Aliona kama amepigwa kofi na mtu mwingine kabisa, asiyemtarajia.

"Mama amekufanya nini? Mama hajawahi kukutaja kwa ubaya."

"Hajanitaja kwa chochote."

"Sasa?"

"Basi tuache. Naondoka, nisiondoke na maneno ya mama wa watu mdomoni."

"Hemed, nimesimama wiki nzima, miguu yangu inawaka moto, na umenileta porini kuniambia unaniacha. Sema yote. Usinipe nusu nusu."

Hemed alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akasema, kwa sauti ya chini, kama anayeungama kitu cha aibu.

"Ananikimbia, Kabula. Mama yako akiniona njiani ananikimbia kama ameona fisi. Siku za kazi wewe uko mjini, huoni. Mimi nakuja nakimbia huku, yeye anatoka mtoni. Akinitambua tu kwa mbali, anatoka njiani. Anaingia kwenye mtama, anajifunika kanga kichwani, ananipa mgongo, anachuchumaa mpaka nipite. Mwanzo nilidhani anajisaidia, nikaona haya. Kila mara, Kabula? Nikabadili saa, ikawa vile vile. Nikamsalimu Mwangaluka mayu, hajibu. Nikatembea badala ya kukimbia, nikafikiri labda raba zinamtisha. Anaingia kwenye mtama."

Kabula alikuwa amesimama wima sasa.

"Siku moja," Hemed akaendelea, "alitua ndoo yake katikati ya njia, akakimbilia shambani. Nikasema leo nitamwonyesha mimi ni mtoto wa watu. Kwetu, mama mkwe ukikutana naye unamfuata, unampa shikamoo, unambusu mkono, unampokea mzigo. Nikainyanyua ile ndoo nikamfuata."

"Ulimfuata mama? Kwenye mtama?"

"Namwita, mama, maji yako haya. Akasimama, akakimbia. Nami nikakimbia nyuma yake na ndoo, maji yananimwagikia. Akaanguka. Akainuka akakimbia tena. Nikaiweka ndoo chini nikarudi nyumbani, na siku hiyo sikwenda shule. Nilimwambia Rogasian naumwa. Nilikuwa naumwa kweli. Mtu mzima ananichukia mpaka anaanguka."

Kabula alikumbuka goti la mama yake. Alikumbuka alivyofika nyumbani wikendi moja akamkuta mama anajikanda kwa maji ya moto, na alipouliza, mama akajibu kwamba mbuzi walimgonga. Alikumbuka pia kwamba mama alikuwa anatabasamu, na yeye akashangaa mtu gani anatabasamu kwa kugongwa na mbuzi.

Akakaa pale pale njiani, kwenye udongo wenye umande.

"Hemed. Joakim alipokuja nyumbani na baba mdogo, unajua mama alifanya nini?"

"Sitaki habari za Joakim."

"Sikiliza. Alimkaribisha. Alikaa naye kwenye mkeka, akampa maziwa kwa mkono wake, akamwuliza mama yake hajambo, ng'ombe hawajambo. Alimwangalia usoni kama ninavyokuangalia mimi. Alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki."

"Basi ndiye anayempenda."

"Ndiye asiyemhesabu." Sauti ya Kabula ilikuwa imeanza kutetemeka. "Bibi yangu, mama yake mama, alifariki hajawahi kumwona baba uso kwa uso. Alikuwa anamjua kwa viatu. Akisikia kikohozi chake anahama njia. Mwanamke wa kwetu hamkimbii mtu anayemchukia, Hemed. Anayemchukia anamsalimu anapita. Mtu anayeachiwa njia ni mmoja, mume wa binti yake."

Hemed alisimama na jani lililochanika mkononi.

"Lini?" aliuliza hatimaye. "Ameanza lini?"

"Wewe ndiye unayejua. Mara ya kwanza alikukwepa lini?"

Alifikiri. "Wiki ile ile niliyofika. Baada ya wale wa fimbo."

"Wiki ile ile," Kabula akarudia, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu neno Jumatatu yakateremka yenyewe. "Baba hajasema neno, kwa hiyo mama hawezi kumtangulia kwa mdomo. Na mimi mjinga nipo mjini nauza dawa, nasema mama amenitupa."

"Na mimi nikamkimbiza."

"Ukamkimbiza mama mkwe wako na ndoo."

Walitazamana. Ilikuwa aibu, ilikuwa kichekesho, na walikuwa wamechoka mno hata wasiweze kucheka. Hemed alichuchumaa mbele yake, akamfuta shavu kwa kidole gumba chenye utomvu wa mtama. Akasema kwamba angejua, asingeomba karatasi ile. Kabula akamwambia kwamba angeuliza, angejua. Hemed akasema yeye aliona haya kuuliza. Kabula akajibu kwamba na yeye aliona haya kumwuliza mama.

Ndipo Kabula akasikia kikohozi anachokijua. Akageuka. Upande wa mtoni, mahali njia inapopinda, mama yake alikuwa anakuja na jembe begani.

"Ni yeye," alinong'ona.

Safari hii Hemed hakusubiri. Aliruka kutoka njiani kama aliyekanyaga siafu, akaingia kwenye mtama upande wa kushoto, akageuza mgongo, akakaa chini na kuinamisha kichwa. Nyanjige alisimama. Alimtazama binti yake aliyekaa njiani, akatazama mtama wa kushoto uliokuwa bado unatikisika. Kisha, bila haraka, akavuta kanga kichwani akaingia kwenye mtama wa kulia. Njia ikabaki tupu, na Kabula peke yake katikati.

Ndege walikuwa juu ya masuke.

"Kabula," sauti ya mama ikatoka upande wa kulia. "Huyo aliyeko huko, nasikia anahama."

"Jumatatu, mayu."

"Anakimbia nini?"

Kabula alitazama kushoto. Alijua Hemed amesikia, na alijua pia kwamba hawezi kujibu moja kwa moja.

"Hemed, mama anauliza unakimbia nini."

"Mwambie mama," Hemed akasema bila kugeuka, "nilidhani nimekataliwa na kila mtu."

"Mayu, anasema alidhani amekataliwa."

Walisikia jembe likiwekwa chini. Nyanjige alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelima tangu kungali giza na bado ana shamba la kumaliza.

"Mwulize, huo mji wao wa baharini una njia ngapi."

"Mama anauliza Bagamoyo kuna njia ngapi," Kabula akasema, naye hakuelewa.

"Kwa nini anauliza?" Hemed akasema.

Mama hakusubiri swali lifikishwe. "Mimi ni mtu mzima. Nikimtoa mtoto wangu kwenda mbali kiasi hicho nitataka kwenda kumwona. Nitakaa hata mwezi. Sasa mwulize, nikitoka asubuhi nipate jua, nitapita wapi huko nisikutane naye?"

Kabula alifunika mdomo kwa mkono. Akaogopa Hemed hakuelewa. Halafu Hemed akaanza kusema, taratibu, kama alivyokuwa akisema na wageni asubuhi mbele ya Ngome Kongwe, ila sauti ilikuwa inavunjika vunjika.

"Mwambie mama, nyumbani kwetu kuna milango miwili. Yeye atumie wa uani. Akitoka, akate kulia, asishuke forodhani, huko kunateleza. Aende barabara ya Misheni. Ni pana, ina kivuli, na mwishoni kuna bustani ya kukaa. Hapo asubuhi sitapita kabisa. Mimi nitakuwa pwani, maji yakiwa yametoka."

Kabula alirudia kila neno.

"Na maji yakijaa?" mama akauliza.

"Maji yakijaa nitakwenda Kaole. Ni upande mwingine wa mji. Mwambie nitakuwa ninakohoa kila kona."

"Na kurudi?"

"Sitarudi mpaka niambiwe ameshaingia ndani. Hata kama ni adhuhuri."

"Jua la kwao kali?"

"Kali, mayu," Kabula alijibu mwenyewe.

"Basi asikae juani sana," alisema Nyanjige. "Mwambie aende huko Jumatatu, asibishane na karatasi ya serikali. Akifika aseme na wazee wake. Waje wao wenyewe, asitume tena mwalimu, mwalimu tulimlisha akalala. Baba yako nitaongea naye mimi leo, akishakunywa maziwa. Nimenyamaza vya kutosha, na nimechoka kukaa kwenye umande."

"Na kama baba atakataa?"

"Atakataa leo. Kesho nitaongea naye tena."

Jembe likainuliwa. Nyanjige hakurudi njiani. Alikata kwa ndani, kupitia katikati ya shamba, na Kabula aliona masuke yakitikisika moja baada ya jingine kuelekea nyumbani, polepole, kwa sababu ya lile goti. Upande wa pili Hemed alikuwa bado amekaa, amewapa mgongo, mabega yanamcheza. Hakugeuka hata mara moja kuchungulia.

Kabula alitaka kumwita, akajizuia. Alikaa njiani, miguu imenyooka mbele yake, akangoja mpaka mtama wote wa kulia ulipotulia.

"Amepita," alisema. "Toka sasa."